Mstari Mweupe Katikati ya Ngozi

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha ngozi, Dagoretti, nilifika nimeziba pua kwa leso. Msimamizi wa Chokaa, mzee mkali wa mabuti marefu, aliniangalia akacheka.

"Toa hiyo leso, mama. Pua ndio itakuambia ngozi imeanza kuoza. Bila pua hapa huna kazi."

Niliitoa, nikatapika, nikarudi kazini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watoto wangu wakiwa tayari watu wazima.

Ninyi mnaonunua mikoba Kilimani mkidhani ng'ombe huivaa hivyo hivyo, hebu niwaeleze. Ngozi ilitoka kichinjioni, tukaipaka chumvi isiharibike. Baadaye tuliilaza kwenye maji ya chokaa hadi manyoya yakalegea, tukayakwangua pamoja na mabaki ya nyama kwa kisu chenye mipini miwili. Ikishaoshwa, iliingia kwenye mashimo ya maji ya magome ya miti ya miwati, ambayo huifanya isioze tena. Huko haina haraka. Kujua kama imeiva, unakata kipande shingoni, penye unene, unaangalia ukingo. Ukiona mstari mweupe katikati, dawa ya magome haijafika ndani.

Nilipanda hadi nikawa Msimamizi wa Mashimo, mwanamke wa kwanza pale, na mtaani kwetu Waithaka nilitembea nimeinua kidevu. Kanisani watu walisogea kidogo nilipokaa, kwa ile harufu ya ngozi. Nami nilifurahia nafasi.

Kuna mwaka baridi ya Julai ilichelewesha ngozi za soli. Mwenye duka la viatu mjini, mteja wetu mkubwa, akatishia kununua za kutoka nje. Meneja akanijia mashimoni.

"Mama Njeri, tutoe leo. Huyu akienda, tunafunga."

Nikakata kipande, tukakiangalia wote wawili. Mstari ulikuwepo, mwembamba kama uzi.

"Nauona," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini watu wa hapa watakula nini?"

"Hata mimi ni mmoja wao. Lakini hii soli ikipigwa na mvua itapasuka, na huyo customer hatarudi tena. Wacha nimpelekee hii kipande mwenyewe."

Njiani niliogopa sana, sitawadanganya. Mwenye duka alikipinda kipande, akakisogeza dirishani penye mwangaza.

"Hii ni nini hapa katikati?"

"Hiyo ndio imetuchelewesha," nikasema. "Nikikuletea kabla haijaiva, nitakuwa nimekuuzia shida."

Akacheka. "Hakuna mtu ashawahi kuniletea ubaya wa mali yake. Sawa, nitangoja. Lakini uzilete wewe mwenyewe."

Nilizipeleka mwenyewe, na hakuwahi kununua kwingine hadi nilipostaafu. Kiwanda hakikufungwa. Hilo najivunia, na sioni haya kulisema.

Siku ya kuniaga, Meneja alinikabidhi mshipi uliokatwa kwenye ngozi ya mwisho niliyoitoa shimoni. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama wakingoja niseme asante. Mimi nikaugeuza kwanza, nikautazama ukingo. Ulikuwa kahawia tupu, upande hadi upande.

Ndipo nikashukuru.