Neno la Siri la Tangi la Maziwa

Walisema mtoto wa mchunga ng'ombe wa Butiama hatamaliza hata muhula mmoja chuoni ughaibuni. Nilirudi na stashahada ya usalama wa mitandao, na utafiti wangu ulihusu jinsi vifaa vinavyowasiliana bila mtu wa nje kuviingilia.

Mwezi uliopita wafugaji wa kwetu walinipa nafasi. Tangi lao la kupoza maziwa lingeendeshwa kwa simu kutoka Musoma, na mimi ndiye ningelisimamia, mradi niwathibitishie kwamba hakuna mhalifu atakayelizima maziwa yakaharibika. Nilifunga kifaa, nikaweka neno la siri nililolitumia tangu chuoni, nikavaa tai.

"Hata walimu wangu walishindwa kulikisia neno langu la siri," niliwaambia mkutanoni kando ya tangi, nikiinua simu ya kuliendeshea. "Anayeweza, alizime tangi."

Shangazi yangu Nyangeta, aliyekuwa ameleta maziwa yake, akaiomba ile simu. Nilimpa huku nikicheka. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu. Tangi likaacha kunguruma.

"Shangazi, nani amekwambia?"

"Aniambie nani? Nimeandika Mabaka. Si lile dume lenu ulilokuwaga unaliimbia zizini mpaka tunakosa usingizi?"

"Hata mimi ningeandika hilohilo," mzee mmoja akadakia.

Chuoni hakuna aliyelijua jina lile. Butiama hakuna asiyelijua.

Mwenyekiti wa wafugaji hakucheka, wala hakunitazama.

"Mama Nyangeta, liwashe," akasema. "Halafu hiyo simu ukae nayo wewe."