Amtandikia Mariamma njia, mtaani kwake hapitishwi

Saa kumi na mbili asubuhi Pechiyammal yuko ndani ya maji hadi magotini, kwenye bwawa la kijiji cha Karisalpatti, anapiga shuka juu ya jiwe kwa nguvu kuliko shuka linavyohitaji. Ni shuka la Mariamma, mungu mke wa kijiji, ambaye sikukuu yake ni kesho.

Mariamma hapitishwi juu ya vumbi. Sanamu yake inapobebwa kuzungushwa kijijini, mashuka hutandikwa mbele ya wabebaji, la nyuma likikunjwa na kukimbizwa mbele. Kazi hiyo ni ya ukoo wa madobi peke yao. Shuka lililofuliwa na mkono mwingine halikubaliki.

Lakini mkono huo wa dobi hauruhusiwi kugusa hata kizingiti cha hekalu, na Mariamma hajawahi kupita mtaa wa madobi. Zamani kamati ya hekalu ilisema njia ni nyembamba. Madobi wakabomoa vibaraza vyao. Ikawa nyaya za umeme zinaning'inia. Zikainuliwa. Sasa ni mila. Watu hawa hawaishiwi visingizio, wala hawaoni haya.

Pechiyammal ana miaka sitini na mbili. Kwa nguo za mwezi mzima nyumba moja humpa rupia mia na hamsini, na vijana rika la wajukuu zake humwita Pechi, kavukavu, bila mama wala bibi. Hayo anasema ameyazoea.

"Mama yangu ametandika mashuka haya tangu msichana," anasema. "Sasa hainuki kitandani. Anataka kitu kimoja tu, Mariamma asimame mlangoni pake kabla hajafa. Hilo nalo ni kubwa?"

Mwaka jana, kwenye njia panda ambapo msafara hukata kulia kwenda kwa wenye mashamba, Pechiyammal alitandika shuka kushoto, kuelekea kwao. Wabebaji wakaganda. Ponnuchami, mwenyekiti wa kamati, akaja mbio.

"We Pechi, umelewa?"

"Sijalewa, bwana. Njia ndiyo hiyo, piteni."

Ponnuchami aliwaamuru wabebaji waende kulia. Wakaenda, miguu mitupu, juu ya vumbi na mavi ya mbuzi, na kijiji kizima kinatazama. Jambo hilo halikuwa limepata kutokea. Na mvua zilipochelewa, nani alilaumiwa? Dobi, bila shaka.

Wiki iliyopita mwenyekiti huyo alifika uani kwake, akasimama mbali chini ya mwarobaini. Kwa mara ya kwanza alimwita dada. Akamwambia yaliyopita si ndwele, wagange yajayo, na mashuka yawe tayari.

"Yaliyopita yamelala humo ndani, bwana," Pechiyammal alimjibu. "Ingia umsalimie."

Hakuingia.

Pechiyammal anakamua shuka, analirusha juu ya mgongo wa punda. Majirani wamemsihi aache, wasije wakanyimwa kazi wote. Amewasikia, na anakiri kwamba anaogopa.

"Kesho nitatandika," anasema. "Kushoto. Wakimpitisha tena vumbini ili asifike kwetu, nitarudi nyumbani nimwambie mama kweli tupu: si Mariamma aliyekataa kuja kwako."