Kichwa Alichokiacha Nusu

Pale panapouzwa vocha na makava ya simu siku hizi ndipo ilipokuwa saluni ya mama yangu. Kila nikipita natamani kumwambia kijana wa kaunta asogee, maana amesimama mahali pa beseni letu. Kilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, kioo chenye ufa, na harufu ya mafuta ya nywele yaliyoungua kidogo kwenye drai. Nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala.

Wateja walimwita Chanuo, kwa kuwa chanuo halikumtoka kichwani hata akienda msibani. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mteja akilalamika kwamba anavutwa, atajibiwa, "Ukitaka uzuri sharti udhurike, shoga, na wewe unautaka mwingi." Chumba kizima kitacheka, mteja naye acheke huku machozi yakimlengalenga.

Alikuwa na mwiko mmoja: akianza kichwa hakiachi. Umeme ukatike, mgeni abishe hodi, mikono yake haibanduki mpaka msuko wa mwisho ufungwe. Kumwacha mtu na kichwa nusu, alisema, ni sawa na kumvua nguo njiani. Hata chai nilikuwa namnywesha mimi.

Asubuhi moja alikaa kwenye kigoda Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Kesho yake wabunge walikuwa wanakuja ukumbini kukusanya maoni. Sheria iliruhusu mimba itolewe pale tu uhai wa mama ulipokuwa hatarini. Sasa kulikuwa na pendekezo la kumwongeza na aliyebakwa. Mwenyekiti alilipinga kwa nguvu zote.

"Chanuo, twende wote, wewe na binti yako," alisema. "Msimame tu. Wakimwona alivyo mzuri na akili zake, nani atathubutu kusema mtoto wa namna ile asizaliwe?"

Mtaa mzima ulijua kwamba mama alinipata kwa mwanaume aliyemkamata njiani akitoka shule. Nami nilijua. Mama mwenyewe alinieleza siku moja akinisuka, nisije nikayasikia kwa watu. Lakini kujua si sawa na kunadiwa. Nilikuwa nyuma ya pazia nafua taulo, nikatulia nimsikie mama atajibu nini.

"Kwenda nitakwenda," alisema huku akigawa nywele. "Ila nitawaambia wairuhusu."

Kwa nilivyoelewa mimi, mama alikuwa amesema kwamba angeweza, angenitoa. Niliziacha taulo, nikatokea mlango wa nyuma, nikaketi kando ya pipa la maji nikilia kwa kwikwi.

Nilipoinua macho, mama alikuwa mbele yangu, vidole vinang'aa mafuta. Ndani Mwenyekiti aliita, "Chanuo? We Chanuo, unaniacha hivi?"

"Umeacha kichwa," nikasema.

"Kitangoja."

"Mama, ungenitoa?"

Mwingine angeapa hapana, nami ningemshukuru. Mama hakujua kupaka maneno asali.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, naogopa hata kivuli changu. Baba yangu aliamua, daktari akaamua, na sheria ilishaamua kabla yao. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nikikwambia leo kwamba ningejibu hivi au vile, nitakuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Na kunipenda?"

"Hilo lilikuja baadaye. Nilikuwa sitaki hata kukutazama, ukanishika kidole. Pale, mwanangu, hakuna aliyenilazimisha." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Lakini kesho siwezi kukutaja mbele za watu bila ruhusa yako. Unasemaje?"

Nilitaka uongo, na sikupewa. Nilimkasirikia kweli. Ilinichukua muda kuona kwamba mimi nilikuwa nimeulizwa.

"Nenda," nikamwambia. "Ila useme vilevile ulivyoniambia."

Kesho yake ukumbini akasema vilevile. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele amenuna, misuko yake imenyooka vizuri, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kulipiza kisasi kwenye kichwa cha mteja. Mbunge mmoja akamuuliza kwa upole, "Kwa hiyo mama, unajuta kumzaa?"

"Huyo simjutii hata kidogo, mheshimiwa. Ila kila mnaponiambia tazama ulivyopata mtoto mzuri, ni kama mnataka nimshukuru na yule mwanaume."

Sheria haikuguswa mwaka ule, wala mama hakuishi kuiona ikiguswa, na mpaka leo ni ileile. Mimi nikawa muuguzi. Wasichana waliopata mimba kwa namna ile huletwa kwangu, wengine bado wamevaa sare za shule, na kwa ajili ya mama kila mmoja namuuliza anataka nini. Ananijibu. Kisha inanibidi nimwambie kwamba jibu lake halina kazi.