Makande ya Mwalimu Rogathe

Enzi hizo huku milimani Upareni mtu hakupata mgeni peke yake. Ukisikia jirani atatembelewa, unampelekea kiti chako kabla hajaomba, na kama una kikombe chenye mkono, nacho kinakwenda. Mgeni akishaondoka, kila kitu kinarudi kwao bila mtu kusema asante, maana asante ingekuwa kukumbushana kwamba palikuwa na upungufu. Siku hizi jirani akipata mgeni unafunga mlango ili usiombwe chumvi. Tuyaache. Habari yenyewe ni ya Mwalimu Rogathe.

Rogathe alifundisha katika shule ya misheni juu ya Gonja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, na akicheka alisikika hadi ng'ambo ya bonde. Mwaka wa pili baada ya uhuru aliitwa Same pamoja na walimu wengine wa wilaya, wakafundishwe kazi mpya. Vijana wachache walikuwa wameanza kupata nafasi za chuo, na baraza la wilaya lilikuwa limetenga fedha za kuwasomesha wale ambao wazazi wao hawawezi. Mwenye uwezo angejilipia. Basi kila upande wa wilaya ulitakiwa uwe na mwalimu mshauri, wa kuwaeleza vijana na wazazi msaada gani upo, unaombwaje, na kamati ikija iambiwe nini.

Aliyewafundisha ni Bwana Kassimu, afisa wa elimu, mtu wa Pangani, mpole na mpenda mzaha. Walikaa ukumbini wiki nzima, upepo wa Same ukiwajaza vumbi masikioni. Kassimu hakupenda hotuba. Aliwaigizisha: huyu awe mzazi, yule awe kamati.

Akaanza Swalehe, mwalimu wa Bendera, anakofundisha watoto wa manamba wa mkonge.

"Mzee, una mali gani?" Kassimu alimwuliza.

"Mali?" Swalehe alijikunja kama kizee. "Nina kikohozi, bwana mkubwa. Na jembe lisilo na mpini."

Ukumbi ulicheka. Ikafika zamu ya Rogathe.

"Mama, una ng'ombe wangapi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Mungu simwulizi. Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia tunamshukuru."

Akaitwa mwalimu mwingine wa milimani, akajibu vilevile. Na mwingine. Kassimu alijifuta uso kwa leso.

"Ninyi watu wa juu," alisema, "mtawakosesha watoto wenu chuo kwa adabu."

Rogathe alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa. Alijua ni kweli. Kwao, kumwambia mgeni "sina" ni sawa na kujivua nguo mbele yake. Walipotoka nje alimfuata Kassimu.

"Sasa mzazi asiposema, itakuwaje?"

"Tutapanda wenyewe tukaone. Macho hayana adabu, Mwalimu."

Kijana wa kwanza kushauriwa na Rogathe alikuwa Eliamini, mtoto wa Mzee Gideoni. Eliamini alikuwa amepata nafasi ya chuo Kampala, jambo ambalo kijijini kwao halijapata kutokea. Baba yake alikuwa amefiwa na mke, mwenye kijishamba cha migomba na kigoda kimoja. Ng'ombe wake wa mwisho alikwisha kwenda na ada ya sekondari. Msaada ukikosekana, Kampala ingebaki kuwa jina tu la mahali.

Rogathe alimwendea mzee, akamweleza yote aliyofundishwa: kamati ikifika, waonyeshe nyumba kama ilivyo, wala usifiche hali yako.

Gideoni alisikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Waje tu."

Siku ilipofika Rogathe aliteremka hadi Gonja kuwapokea wageni. Walikuwa Kassimu na mjumbe mmoja wa baraza, mtu mnene aliyepanda mlima kwa kuguna. Njia nzima Rogathe aliwapigia soga ili wasichoke. Walipotokea uani kwa Mzee Gideoni, soga lilimkatikia mdomoni.

Ua ulikuwa umefagiwa. Kando ya uzio walifungwa ng'ombe, safu nzima, wanene, wanatafuna majani. Kulikuwa na viti vya kila umbo kuzunguka meza yenye kitambaa cha maua, na juu ya kitambaa redio ya mwinjilisti. Mzee Gideoni alivaa koti lililompita mabega. Eliamini alikuwa na saa mkononi, na mkono wenyewe aliuweka mbali na mwili kama aliyeungua. Majirani walisimama pembeni, wamependeza na kuridhika.

"Karibuni," alisema Gideoni. "Karibuni kwetu."

Mjumbe aliketi, akawatazama wale ng'ombe, kisha akamwinamia Kassimu. "Huyu ana zizi kunishinda mimi. Tumepandia nini huku?"

Rogathe aliingia jikoni kama aliyesukumwa. Humo alimkuta Asnath, jirani wa bondeni, anakoleza moto chini ya chungu cha ndizi.

"Mama Asnath, mmefanya nini?"

"Tumemvisha mwenzetu. Ulitaka wageni wamkute uchi?"

"Wamekuja kutazama umaskini."

"Basi wakautazame kwao."

Rogathe alishika kichwa. Angeweza kutoka akawaambia wageni kila kitu ni cha kuazima. Eliamini angekwenda Kampala, na baba yake asingeinua tena uso njiani mpaka anaingia kaburini. Alichungulia nje. Mjumbe alikuwa keshatazama jua, anataka kuondoka. Ng'ombe wa mwisho kwenye safu, jike jeusi la Asnath, alikuwa ameacha kutafuna. Kiwele kimemjaa, na macho yake yako kwenye njia ya bondeni.

"Ndama wake umemwacha nyumbani?" Rogathe aliuliza.

"Nimlete wa nini? Akojoe miguuni kwa wageni?"

"Na wenzako nao wameacha ndama wao?"

"Wote."

"Ipua ndizi hizo, wape watoto. Bandika makande."

"Makande? Saa hizi? Mahindi na maharage, vyote vikavu? Wageni watakula jua limezama."

"Bandika, mama."

Asnath alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, lakini alibandika. Rogathe akatoka akatangaza kwamba chakula kiko motoni. Mgeni haondoki chakula kikiwa motoni, awe wa Pangani au wa wapi. Mjumbe alishusha pumzi, akarudi kitini.

Wakakaa. Gideoni aliwasimulia jinsi ndiva ya kijiji, bwawa la kumwagilia mashamba, ilivyochimbwa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu, na maji yalivyogawiwa kwa zamu bila ugomvi. Kila Kassimu alipotazama njia, Rogathe alisema, "Yanakaribia, bwana," kisha aliingia jikoni na kuchomoa ukuni.

"Unazima moto wangu," Asnath alinong'ona.

"Watu wa Pwani hawataki maharage ya haraka."

Mwishowe mjumbe alimgeukia Eliamini. "Kijana, saa ngapi sasa?"

Eliamini alilitazama jua. "Inakaribia saa kumi na moja, mzee."

Mjumbe aliitazama ile saa mkononi mwa kijana, akamtazama Kassimu. 

Jua lilipojificha nyuma ya mlima, ndama akalia bondeni. Mwingine akaitika ng'ambo ya kijito, kisha mwingine huko juu kanisani. Jike jeusi la Asnath likanguruma, likavuta kamba, kigingi kikang'oka. Likapita katikati ya viti, likaangusha kimoja, likashika njia ya bondeni likikimbia. Wenzake hawakungoja, nao wakakata kamba. Huyu alielekea juu, yule alivuka kijito, wawili waligombania upenyo wa uzio, na majirani walibaki wameinua mikono bila kujua wamzuie yupi. Mara ua ukawa mtupu, redio inaimba peke yake.

Kassimu alimgeukia mwenyeji wake taratibu.

"Mzee, ng'ombe wako wanakwenda wapi?"

Gideoni alisimama, akaliweka sawa lile koti. "Wanakwenda kukamuliwa."

"Wapi?"

"Kwao."

Hapakuwa na aliyecheka. Kassimu alitazama viti, kimoja kimoja, na vikombe ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Kisha alimwona Rogathe mlangoni mwa jiko, ameshika ukuni unaofuka moshi.

"Mwalimu," alisema, "nadhani hayo makande yanaweza kuiva sasa."

"Yataiva sasa hivi, bwana."

Wakala, wakasifu. Kuhusu ng'ombe, Kassimu hakusema neno zaidi. Alipoaga alimshika Gideoni mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, una majirani."

"Tunamshukuru Mungu."

"Amina," alisema Kassimu, na wakateremka gizani, mjumbe akiguna.

Mwaka huo Eliamini alikwenda Kampala kwa fedha za baraza. Sanduku lake walilishusha majirani hadi kwenye basi, wakipokezana.

Rogathe aliendelea kuwa mshauri, hata miaka ya Ujamaa, baraza la wilaya lilipovunjwa na serikali kubeba mzigo wote. Aliitwa Same tena na tena kuwafundisha walimu vijana. Aliwaambia: ukimpelekea mtu wa milimani wageni, msiondoke kabla ya saa ya kukamua. Waliosoma zaidi yake walidhani ni mzaha wa bibi.

Rogathe alipofariki, Eliamini alikuja na gari. Alikuwa mkubwa mjini, na moyo wake haukuwa mbaya hata kidogo. Gharama zote alizibeba yeye. Viti vya matanga alivikodi, vikapanda mlima kwa lori, vya plastiki, vyote rangi moja, vya kutosha watu wote. Nyumba za jirani hazikutoa hata kigoda. Baada ya maziko lori lilikuja kuvichukua, na dereva akavihesabu.