Programu ni ya bure, ndama ni wa nani?

TLAWI, Mbulu. Saa mbili kasoro asubuhi, ukungu haujainuka juu ya mashamba ya vitunguu swaumu, na Fabiola Maximilian anaidanganya kompyuta yake.

Amevaa koti zito na kofia ya sufu. Intaneti ameshaizima. Sasa anafungua sehemu ya tarehe na kuisogeza kalenda mbele, mwezi baada ya mwezi, mpaka kompyuta inaamini kwamba mwaka mzima umepita. Kisha anafungua programu ya kutengenezea kadi aliyoipakua jana, anakunja mikono na kuikodolea macho kama mtu anayemwangalia mgeni aliyebisha hodi jioni bila kusema anatoka wapi.

Programu inafunguka. Hakuna dai la malipo, hakuna tangazo.

"Bado siiamini," anasema. "Nitaijaribu tena kesho. Nyingine zina subira."

Fabiola, 37, ni mchapaji. Chumba chake kando ya barabara kina mashine ya kutolea nakala, printa, viti viwili vya plastiki na kompyuta mpakato aina ya Mac iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, maana vumbi la hapa kiangazi halina adabu. Watu wa kata humletea barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, nyimbo za kwaya na, kuliko vyote, ratiba za mazishi na wasifu wa marehemu. Mwezi mzuri humwachia kama Sh180,000 baada ya pango na umeme.

Asubuhi hii anasubiri wateja wawili ambao hana uhakika kama watakuja. Ni mjane wa marehemu Mzee Hhando, Mama Marieta, na binti yake Hilaria. Familia hiyo ina misa ya mwaka Jumamosi, na Fabiola ana kitu chao ambacho kwa muda mrefu aliamini si chake wala si chao.

Ili kuelewa, lazima kurudi kwenye radi.

Kompyuta yake ya zamani, ile ya mezani, ilipigwa na radi mvua za vuli zilipoanza, mwaka juzi. Kaka yake Clement, mlinzi huko Qatar, alisikia dada yake amekaa bila kazi. Alipokuja likizo akamletea Mac mpya, ndani ya boksi lake.

"Aliniambia, 'Dada, hii ndiyo baba lao.' Nilifurahi mpaka nikaiweka kitandani nikailinda," anasema Fabiola. "Furaha ikaisha siku ya tatu."

Kwa miaka yote ya kazi yake, Fabiola hakuwahi kujiuliza programu zinatoka wapi. Zilitoka kwenye flashi ya fundi wa Mbulu mjini. Fundi alichomeka, akavunja kufuli la mwenye programu, akapokea ya soda, akaondoka. Wizi ule haukumsumbua mtu. Safari hii fundi alichomeka flashi yake na Mac ikaikataa kabisa. Akaigeuza, akaitazama chini, akasema mashine hii ina maringo.

Fabiola akabaki na simu yake. Akaandika: programu za bure za Mac.

"Zikaja nyingi mpaka nikaogopa. Kila moja inasema bure, bure, bure. Nikajiuliza, sasa hawa wanakula nini?"

Ni swali zuri, na laiti angelishikilia. Lakini kazi zilikuwa zimelala mezani. Ndani ya Mac kulikuwa tayari na programu ya kuandikia, yenye alama ya kalamu, iliyokuja na mashine yenyewe. Hakuigusa. Alidhani imewekwa kwa maonyesho, kama zile simu za plastiki zinazopangwa kwenye kabati la kioo dukani.

Badala yake akabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kwenye tovuti asiyoijua. Kompyuta ikamwonya kwamba haimtambui aliyetengeneza programu ile. Akalazimisha. Kwa nini? Kwa sababu ilifanana na ile ya fundi, anasema, na mtu hukimbilia sura anayoifahamu.

Programu ikafanya kazi vizuri ajabu.

Wiki hiyo hiyo aliingia Mzee Hhando, mkulima wa maharage na kiongozi wa jumuiya kanisani, aliyekuwa anaumwa na alijua anaumwa nini. Hakutaka wasifu wake utungwe na watu wengine akiwa kaburini. Aliketi kwenye kiti cha plastiki na kuusimulia mwenyewe, Fabiola akichapa.

"Alinisimamisha mahali pamoja tu," anakumbuka. "Tulipofika kwenye watoto. Akasema, 'Andika na Tluway.' Nikamuuliza Tluway ni yupi, maana sikumjua. Akasema ni mtoto wao wa tatu, alikufa na surua akiwa mdogo, hata darasani hakuwahi kukaa. Akasema, 'Mama yake hajawahi kusikia jina hilo likisomwa mbele za watu. Siku yangu atalisikia.'"

Mzee hakuchukua karatasi. Alisema zitachapwa siku ikifika. Siku ikafika upesi, hata wiki mbili hazikutimia. Hilaria alikuja kuomba nakala za kugawa msibani, na Fabiola alipobofya faili, kioo kikajaa maandishi mekundu. Muda wa majaribio umekwisha. Lipa kwa dola, kwa kadi ya benki, ndipo uendelee.

Hapa ndipo msomaji wa mjini atauliza kwa nini hakutafuta njia nyingine. Jibu liko kwenye zizi la baba yake.

Mbulu na hata kule Hanang kwa wafugaji, mtu mwenye mifugo mingi humpa mwenzake ng'ombe jike amtunzie. Mtunzaji hakamuliwi hata shilingi. Anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, anaheshimika. Lakini ng'ombe ana mwenyewe, na ndama anayezaliwa ni wa mwenyewe pia. Mwenye ng'ombe akija kumchukua, ndama anamfuata mama yake na hakuna kesi.

"Nyumbani tulikuwa na mmoja wa hivyo. Mimi ndiye niliyemwachisha ndama wake kunyonya, nilimpa na jina," anasema Fabiola. "Asubuhi moja mwenyewe akaja, wakaondoka wote wawili. Nililia sana. Baba akanikemea, akasema unalilia mali ya watu?"

Basi alipoona yale maandishi mekundu, akaelewa kwa namna hiyo. Programu ilikuwa ya watu. Alikunywa maziwa yake bure siku zote zile. Sasa mwenyewe amekuja, na wasifu wa Mzee Hhando, uliozaliwa ndani yake, umekwenda naye.

"Sikubishana. Niliona ni haki yao. Nilimwambia dada Hilaria, wamechukua. Akaniuliza, 'Kina nani wamechukua?' Hata mimi sikuwajua."

Siku ya mazishi wasifu ulisomwa na mpwa wa marehemu, kutoka kichwani. Alijitahidi. Alitaja shamba, kanisa, watoto waliosimama mbele yake. Tluway hakutajwa. Waliokuwa karibu na Mama Marieta wanasema aliinua uso, akasubiri kidogo, kisha akauinamisha.

Hilaria aliacha kumsalimia Fabiola. Na Tlawi si pakubwa. Maneno yakaanza kwamba mchapaji ana kompyuta inayokula habari za wafu. Wateja wakawa wanasimama nyuma ya kiti chake wakikodoa macho kwenye kioo. Gidabuday, mfugaji kutoka Yaeda Chini aliyepanda kuchapisha tangazo la ng'ombe aliyepotea, alimtaka asome kwa sauti kila neno, kisha akamuuliza mashine ni ya nani, na aliyeituma anataka nini.

"Sikukasirika," anasema Fabiola. "Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo."

Tangu hapo akawa mtu wa kushuku. Aliiondoa ile programu ya kitufe cha kijani? Hapana, aliogopa hata kuifuta, asije akadaiwa. Aliiacha ilale. Kwa kazi zake akatafuta nyingine, moja moja, huku akiuliza watu na kusoma maelezo kwa msaada wa kamusi. Akaipata LibreOffice ya kuandikia, akaisogezea tarehe mbele mara kadhaa na kuizimia intaneti kabla ya kuipa kazi ya mtu. Wakati mmoja alisahau kuirudisha tarehe, na tangazo la parokia likatoka na tarehe ya mwaka unaofuata. Katekista alilibandika hivyo hivyo, na waumini wakajua mapema.

Faili la Mzee Hhando lilibaki kwenye kioo. Fabiola alilipita kila siku bila kuligusa, kama unavyopita geti la jirani mliyekosana.

Januari mwaka huu aliingia Sista Zita, mtawa anayeshika hesabu za zahanati ya shirika lake, naye hutumia Mac. Alikuwa anasubiri nakala zake. Akaliona lile faili, akauliza ni nini. Fabiola akamsimulia, mpaka habari ya ng'ombe.

Sista alicheka, halafu akaacha kucheka. Aliweka vidole viwili juu ya kigusio cha kompyuta, akabonyeza mara moja. Ikashuka orodha ya programu zinazoweza kulifungua faili lile. Akachagua ile yenye alama ya kalamu, ile ile ambayo Fabiola aliidhani ni ya maonyesho.

Wasifu ukafunguka, wote, tangu kuzaliwa kwake. Mtoto wa tatu: Tluway.

"Sista akaniambia, 'Mwanangu, programu ni yao. Maneno ni ya mzee. Hakuna aliyekuchukulia kitu.'"

Fabiola anavua kofia na kuishika mapajani. Sauti yake inapungua.

"Nitakwambia ukweli. Nilitamani isifunguke. Kama imepotea, ni bahati mbaya. Lakini ilikuwepo, hapa, mbele ya macho yangu. Sasa nikamwambie nini yule mama?"

Alikaa nayo wiki nzima kabla ya kwenda kwa Hilaria. Mapokezi yalikuwa kama alivyohofia.

"Nilimuuliza, mwaka mzima ulikuwa nayo?" anasema Hilaria, 52, ambaye mwandishi alimkuta akipalilia. "Nikamuuliza, nani alikulipa uifiche? Akaniambia mambo ya ng'ombe. Ng'ombe gani anaishi kwenye kompyuta? Mimi pia nimefuga ng'ombe wa watu, lakini sijawahi kumrudishia mwenye ng'ombe na jembe langu."

Amemsamehe? Hilaria anang'oa jani moja, analichunguza mizizi.

"Mama anataka kusikia. Mimi nitakwenda kutazama."

Na kweli wamekuja. Saa nne, ukungu umeshapanda, Mama Marieta anaingia akiwa amejifunika shuka, ameshikwa mkono na binti yake. Fabiola anasimama haraka mpaka kiti kinaanguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Shikamoo dada Hilaria."

"Marahaba," anasema Hilaria. Ni mara ya kwanza kuitikia tangu msiba.

Hilaria haketi. Anasimama nyuma ya Fabiola, simu mkononi ikirekodi. Fabiola anaanza kusoma. Mama Marieta hajui kusoma na haangalii kioo, anaangalia mlango. Anaguna mahali pa shamba la kwanza. Anatabasamu mahali ambapo mzee anasema alimuoa msichana aliyemzidi akili.

"Mungu alitujalia watoto," Fabiola anasoma, kisha anawataja. Akifika kwa wa tatu, anasita, analitamka.

Mama Marieta anainua uso kama wanavyosema aliuinua siku ile ya mazishi.

"Rudia," anasema.

"Tluway."

Bibi anasema kitu kwa Kiiraqw, taratibu, si kwa mtu yeyote aliyemo chumbani. Hilaria anasogeza simu mbali na uso wake, anafuta macho kwa mgongo wa mkono, anarudisha simu ilipokuwa. Hajaacha kurekodi.

Mipango ya Fabiola si mikubwa. Anataka kuchapa nyimbo zote za kwaya ya parokia kwa Kiiraqw, na ameshapata programu ya bure ya kupanga vitabu, ambayo ipo kwenye wiki yake ya tatu ya kuchunguzwa. Anataka pia mtu asitoke tena chumbani kwake akiwa ameacha maneno yake nyuma. Siku hizi kila mteja hutumiwa kazi yake kwenye simu, na asiye na simu huondoka na karatasi, hata kama amesema atarudi.

Printa inalia. Fabiola anazipanga kurasa, anazishika kwa mikono miwili na kumpa Mama Marieta. Kisha simu ya Hilaria inatoa mlio wa ujumbe.

"Ndama wenu huyo," Fabiola anasema. "Ondokeni naye."

Hilaria anaufungua ujumbe pale pale mlangoni, anashuka nao kwa kidole mpaka kwa mtoto wa tatu, analitazama jina. Anaizima simu, anaiwasha tena, anatazama kama bado lipo.

Lipo.

"Haya," anasema. "Jumamosi uje mapema. Utasoma wewe."