Vitabu vya tuzo vilivyofungiwa kabatini, na Manka aliyesemwa hana kichwa

Wakuu, habari za mchana.

Kuna mtu kaandika humu juzi kwamba watoto wengine wamezaliwa wazito, hata uwape vitabu vya dhahabu hawasomi. Nilikunja uso, nikasema hapana, leo nami nitaongea. Nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Sijaongeza chumvi, chumvi yenyewe daktari kanikataza.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huko Kirua Vunjo.

Ndiyo, mwanaume na darasa la kwanza. Wenzangu ofisini walikuwa wananiita "mama mlezi". Nilizoea.

Hali ilikuwa ngumu. Kahawa ilishashuka bei, watu wanakata mibuni kimyakimya wanapanda nyanya, na michango ya shule haiishi. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa kundi zima.

Tulikuwa tunaunganisha madawati mawili, kitabu kinawekwa katikati. Nusu ya watoto wanakaa upande huu, nusu upande ule, wanatazamana. Ndivyo tulivyofundisha, na ndivyo tulivyofundishwa.

Sasa, kwenye darasa langu alikuwepo binti anaitwa Manka. Alikuwa anarudia mwaka. Mwandiko mzuri wa kunakili, adabu nzuri, lakini kusoma ndio ikawa ishu.

Akiwa kwenye kundi lake anasoma kwa sauti mpaka raha. Ukimwita ubaoni, anaganda. Walimu wakakata shauri kwamba anafuatisha wenzake tu kama wimbo, hana kichwa. Mimi nilibisha, ila ushahidi sina.

Siku moja mama yake akanisubiri getini. Alikuwa mjane, analima kihamba cha mumewe, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na ng'ombe mmoja bandani.

"Mwalimu, shule ikifungwa Desemba Manka harudi," akasema. "Shangazi yake wa Pasua, kule mjini, kajifungua, na ana duka. Anamtaka akamlelee mtoto."

"Mama Manka, huyu bado mdogo."

"Najua ni mdogo, nimemzaa mimi. Lakini mmeniambia wenyewe hana kichwa. Nihangaike na michango ya nini?"

Nikamwomba asiamue mpaka shule ifungwe. Akakubali, ila akanionya nisimpe matumaini ya bure. Nilirudi nyumbani nina hasira, wala sijui namkasirikia nani.

Kipindi hichohicho vikaja vitabu. Wachapishaji binafsi walikuwa wameanza kutoa vitabu vya watoto, na kuna mradi uligawa mashuleni vile vilivyoshinda tuzo. Sisi tukapata boksi moja.

Wakuu, vilikuwa vizuri. Picha za rangi ukurasa mzima, chini yake sentensi moja ya herufi kubwa. Kile nilichokipenda mimi kilihusu mbuzi aliyegoma kunyeshewa. Nilikisoma nimesimama, nikacheka peke yangu mtu mzima.

Mwalimu Mkuu akavitazama, akavifuta vumbi ambalo halikuwepo, akavifungia kwenye kabati la vioo ofisini kwake. Ufunguo mfukoni.

Mnaotoka kwetu mnalijua kabati la vioo. Kila sebule inalo. Ndani kuna vikombe vya maua na sahani ambazo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kulia. Zinasubiri wageni wa Krismasi. Basi na vitabu vyetu vikawa sahani za wageni.

Nikaenda kuviomba.

"Mwalimu, hivi ni vya tuzo," akaniambia. "Akija mkaguzi atavikuta safi. Hao watoto wako wana utomvu."

Hapo kidogo alikuwa na pointi. Watoto wetu kabla ya kuja shule wanawakatia ng'ombe migomba, na utomvu wa mgomba ukishika kitu umeshika, unakuwa doa jeusi la kudumu.

Kesho yake nikarudi. Na keshokutwa. Nilikuwa naingia na salamu, naomba, nakataliwa, naaga vizuri. Mimi nikishaamua jambo nakuwa kupe.

Nilikuwa na sababu. Kile kitabu cha zamani darasa zima walishakikariri. Hiki cha mbuzi hakuna aliyekijua. Manka akikisoma, tutajua kama anasoma au anaimba.

Nikawaambia watoto waje na malimau na majivu. Asubuhi tukasuguana mikono mpaka ikawasha. Nikawapanga mstari, nikawapeleka ofisini, mikono mbele.

"Mwalimu Mkuu, kagua."

Akakagua mkono mmoja mmoja, nyuma na mbele, uso umekaza. Mwisho akatoa ufunguo. Akasema tusomee palepale uwanjani, mbele ya dirisha lake.

Nikawakalisha kwenye majani wawili wawili na kitabu chao. Manka nikamkalisha peke yake.

Akakifungua, akakitazama, akakigeuza miguu juu. Mbuzi kichwa chini, mvua inatoka ardhini kwenda mawinguni. Watoto wakaanza kumcheka.

Nikamwinamia. "Manka, mbona umekigeuza?"

"Mwalimu, nikikigeuza picha inaharibika, lakini maneno yanakaa vizuri."

Kisha akasoma. Mbuzi hataki mvua. Mbuzi kajificha chini ya mgomba. Hakuna aliyemtangulia, hakuna wa kumfuatisha. Ukurasa baada ya ukurasa.

Nikakaa naye kwenye majani.

Miaka miwili yote Manka alikuwa anakaa upande ule wa dawati unaoona kitabu miguu juu, na hakuwahi kuhamishwa kama wenzake. Herufi alizifahamu kwa kuziona zimegeuka, na alizifahamu sawasawa. Ubaoni tulikuwa tunamwandikia maneno kichwa chini, kwa macho yake, halafu tunamwita mjinga. Kwenye kitabu cha zamani kisicho na picha hakuna aliyeng'amua.

Sikukaa kulia. Desemba ilikuwa mlangoni.

Kila siku nilibaki naye baada ya masomo. Tukakigeuza kitabu kidogokidogo kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani. Kwanza akasoma kikiwa upande. Akishazoea, nakisogeza tena. Kuna siku alikasirika akakisukuma mbali, nikamwacha apumue, tukarudi. Mwalimu Mkuu alikuwa anachungulia dirishani, na juma la mwisho alinipa kitabu bila kuombwa.

"Nenda nacho kwa mama yake," akasema. "Kifunge tu kwenye mfuko."

Nilifika kwa Mama Manka nikamkuta shangazi kutoka Pasua keshakaa, anakunywa chai. Begi la Manka liko mlangoni. Nikasalimia, nikamkabidhi mtoto kitabu.

Akasoma kikiwa kimesimama sawasawa. Shangazi hakushtuka. "Hawa huwa wanakariri," akasema.

Mama yake akasogeza kigoda mbele ya Manka. Shule hakuwahi kukanyaga, alitaka tu amwone huyo mbuzi. Manka akamgeuzia mama yake kitabu ili picha zimkalie vizuri, na yeye akaendelea kusoma kutoka upande wa pili, maneno yakiwa miguu juu, kidole kinamwonyesha mama kila neno. Wala hakukwama.

Shangazi akaweka kikombe chini. Akajaribu kusoma kutoka pale alipokaa Manka, akashindwa.

Mama Manka hakumtazama shangazi wala mimi. Aliinuka, akalichukua lile begi mlangoni akalirudisha ndani. Kisha akakaa tena kwenye kigoda, akamwambia mtoto, "Rudia pale mbuzi alipojificha. Taratibu, na mimi nifuate."

Vile vitabu havikurudi kabatini. Vilisomwa mpaka vikachanika, na madoa ya utomvu vilipata, tena mengi. Mkaguzi alipokuja hakukuta hata kimoja kisafi, na Mwalimu Mkuu ndiye aliyevitetea.

Kwa hiyo mkuu uliyeandika juzi, na wengine wenye mawazo hayo: kabla hujasema mtoto hana kichwa, uliza kwanza mlimkalisha upande gani.

Walimu na wazazi mliopo humu, nanyi semeni mlichokiona. Wa kunibishia mje pia, mimi ni kupe.