Matuta ya Mwajuma

Mengi yamenitoka kichwani, mwanangu, lakini siku chemchemi ilipofukiwa haijanitoka. Mwaka ule nilikuwa nimeolewa, na mjomba wangu Kibwana akanigawia kipande cha shamba la ukoo, huku Kinole mlimani, juu kidogo ya chemchemi. Kwetu Waluguru ardhi hupitia upande wa mama, kwa hiyo kile kilikuwa changu hasa, na kichwa kikanivimba.

Nikalima matuta ya kushuka, kutoka juu moja kwa moja hadi chini, maana kukinga mteremko kunaumiza kiuno. Jirani yangu Mwajuma aliyalaza ya kwake yakauzunguka mlima, kimo kimoja. Nikamcheka kwamba analima kama konokono.

Masika yakaingia. Mvua ya siku mbili tu, mahindi yangu yakateremka pamoja na udongo wake. Wanawake wa kitongoji wakaja chemchemini na ndoo, wakakuta tope tupu. Mjomba hakunigombeza. Alilishika jembe langu, akasema taratibu, "Udongo ule haukuwa wako, Asha. Ni wa mabinti utakaowazaa. Maji yakirudi, shamba unabaki nalo. Yasiporudi, nampa Mwajuma."

Nikazoa tope. Siku ya pili Mwajuma akatokea na beleshi. Nikadhani kaja kulitazama shamba lake jipya.

"Konokono kafika," akasema. "Sogea huko."

Siku ya nne maji yakatoka, na shamba ninalo mpaka leo.

Juzi mjukuu wangu Rehema, yuko kidato cha tatu mjini, alinifungulia daftari la jiografia. Kachora mlima kwa mistari inayozunguka. Kila mstari una kimo chake, akanieleza, na inapobanana, hapo mteremko ni mkali. Kisha akalalamika kwamba somo lenyewe halina kazi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini mistari ile niliitambua palepale. Ni matuta ya Mwajuma.

Basi nawe mwanangu unayesoma, lisome somo hilo hata mtihani ukishapita. Ujue maji yanatoka wapi, udongo unakwenda wapi, na nani anateka chini yako. Mji wote ule wa Morogoro unakunywa kutoka milima hii. Ukipewa ardhi, tazama kwanza chini, ndipo ushike jembe.

Mungu akupe macho ya kuusoma mlima, na wajukuu zako wayakute maji palepale ulipoyaacha.